Nimepewa usimamizi wa zamu niliyokuwa mmoja wao: nawezaje kurudisha ari ya wenzangu?

Zamu_ya_Usiku aliandika:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Naomba ushauri kwa jambo ambalo limenikosesha usingizi, ingawa kwa mtu wa zamu ya usiku usingizi ni adimu hata pasipo na tatizo.

Ninafanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate mjini Morogoro. Niliingia miaka 6 iliyopita nikiwa mkandaji, nikahamia tanurini, na miezi 3 iliyopita, baada ya msimamizi wetu kuacha kazi ghafla, tajiri aliniita ofisini akanikabidhi funguo za stoo na daftari la zamu. Ninasimamia watu 14, usiku 6 kwa wiki, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri gari linapomaliza kupakia: wanne wako kwenye kukanda, watatu wanapima na kukata madonge, watatu wako tanurini na wanne wanafungasha. Wote nimekula nao ugali mmoja, na wawili kati yao ndio walionifundisha kazi.

Tatizo langu ni marejesho. Maduka yanarudisha mikate iliyobonyea katikati, iliyoungua chini, au ambayo mwenye duka akiiweka kwenye mizani yake anaona haijatimia uzito. Utaratibu nilioukuta ni kwamba trei ikiharibika, gharama yake inagawanywa kwa watu wa kituo kilichohusika na kukatwa mwisho wa mwezi. Tajiri anataka utaratibu huo uendelee, kwa sababu anaamini mtu asipoumia mfukoni hawezi kuwa makini.

Nimejaribu kuwatia moyo kwa njia nilizozijua. Nilinunua soda kila Ijumaa, zikanywewa na hakuna kilichobadilika. Nilibandika ukutani picha ya mfanyakazi bora wa mwezi. Dada aliyechaguliwa akaanza kuitwa mtoto wa bosi, na wiki ya pili akaniomba kwa adabu niiondoe. Niliitisha kikao mwisho wa zamu nikazungumza dakika 40 kuhusu kujituma, nilipouliza kama kuna mwenye swali ikasikika feni peke yake. Aidha, mzee wetu wa tanuri ana zaidi ya miaka 20 katika kazi hii. Nikimwelekeza ananijibu "sawa, mkuu" kwa sauti ambayo inanifanya nitamani nisingesema.

Lililonivunja nguvu ni hili. Majuma mawili yaliyopita nilikwenda nyuma ya stoo kutafuta ndoo, nikakuta kiroba kimefunikwa kwa mifuko mitupu ya unga. Ndani mlikuwa na unga uliokandwa, umeumuka na kufurika hadi mdomoni mwa kiroba, unanuka uchachu kama pombe. Nilimwuliza kila mmoja, na kila mmoja akasema hajui.

Je, nikaze mkono, au kuna namna ya kuwarudishia watu hawa ari ambayo mimi sijaiona?

---

Fundi_Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na naona umeuliza habari ya ari ilhali kiroba ulichokikuta kinazungumzia hofu. Mtu aliyekosa ari huacha unga mezani akaenda kukaa. Mtu aliyeuweka kwenye kiroba, akaubeba hadi nyuma ya stoo na kuufunika kwa mifuko, amefanya kazi kubwa usiku ule, isipokuwa ameifanya kwa ajili ya kujilinda na wewe.

Nilikuwa msimamizi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo kwa miaka mingi. Tulipokuwa tukiwakata wafumaji kwa kila mita yenye dosari, vitabu vyetu vilipendeza sana, maana dosari zilikuwa chache mno. Zilikuwa ndani ya jora. Mfumaji akiona uzi umekatika na pengo limetokea, aliharakisha kulivingirisha lipotelee ndani, na aliyelikuta ni mshonaji, tayari amekwisha kukata kitambaa cha mteja. Malalamiko yalipozidi, meneja mmoja aliondoa makato na kuagiza jambo dogo tu: mfumaji akiona dosari afunge kipande cha uzi mwekundu pembeni mwa kitambaa, mahali palepale, kisha aendelee na kazi. Watu wa ukaguzi walikuwa wakifuata nyuzi nyekundu, wanachoweza kukitengeneza wanakitengeneza, wasichoweza wanakikata kabla jora halijatoka.

Nakutahadharisha kuhusu kilichofuata, kwa kuwa kinaweza kukukuta. Mwezi wa kwanza idadi ya dosari zilizoandikwa iliongezeka mara tatu, na wakubwa wakataka kurudisha makato wakidhani watu wamelegea. Meneja yule aliwaambia wasubiri, akawaonyesha kwamba malalamiko ya wateja yalikuwa yanashuka wakati uleule vitabu vilipokuwa vinachafuka. Ukibadilisha utaratibu kwako, mweleze tajiri mapema kwamba daftari litaonekana baya kabla mikate haijawa mizuri. Akishtukizwa na tarakimu hatakusikiliza tena.

Wajapani wa Toyota walilijenga jambo hili ndani ya kiwanda chenyewe. Juu ya mstari wa kuunganishia magari kuna kamba, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta ili kiongozi wake aje. Wasipoitatua kwa muda uliowekwa, mstari unasimama. Anayevuta hatafutwi mchawi. Kwako kamba hiyo inaweza kuwa ubao na chaki, mradi anayeandika asijute.

Kwa hiyo anza na kiroba. Usiulize tena nani, uliza usiku ule kulitokea nini.

---

Afisa_Utumishi alijibu:

Ndugu mwuliza swali, naongeza upande wa sheria, kwa sababu sehemu ya maelezo yako inaweza kumfikisha tajiri wako mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kabla hujafika kwenye suala la ari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kumkata mfanyakazi kwa sababu tu kitu kimeharibika. Ili makato ya hasara yawe halali, mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa. Apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Kinachodaiwa kisizidi hasara halisi. Na makato kwa jumla yasizidi robo ya ujira wake. Kugawanya gharama ya trei kwa watu wote wa kituo kunakwama mapema kabisa, maana watatu hawawezi kuwa na kosa la mmoja, na umeme ukikatika hakuna mwenye kosa.

Vilevile piga hesabu ya saa. Tuchukulie kwamba mapumziko ya saa 1 mnayapata kwelikweli. Saa 2 usiku hadi saa 11 alfajiri inabaki kazi ya saa 8, na kwa usiku 6 ni saa 48. Kiwango cha kawaida kisheria ni saa 45 kwa wiki, kwa hiyo kila mmoja wenu ana saa 3 za ziada kila wiki, ambazo hulipwa kwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Tena sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi ndani ya muda huo ina nyongeza ya asilimia 5 ya ujira wa msingi. Zamu yenu yote imo humo. Je, nyongeza hiyo ipo kwenye hati zenu za mishahara?

Sisemi haya ili uende kugombana na tajiri. Nimekaa upande wa mwajiri kwa miaka mingi na ninajua kwamba wamiliki wengi wa viwanda vidogo hawana nia mbaya, wanarithi tu utaratibu waliouona kwa wengine. Hata hivyo soda ya Ijumaa hainyweki vizuri mdomoni mwa mtu anayejua kuwa anadai. Watu hawakwambii, lakini wanazihesabu saa zao hadi dakika.

Na ikiwa yupo mtu ambaye kweli ni mzembe, usitumie makato, tumia utaratibu wa nidhamu: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kisha hatua zinazofuata kama zilivyoainishwa katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Kila hatua iwekwe kwenye jalada lake. Utaratibu huo unachosha, nakiri, lakini unamtenganisha mzembe na aliyepatwa na bahati mbaya, jambo ambalo makato hayawezi.

---

Mwajiri_Kanda_ya_Ziwa alijibu:

Naheshimu waliotangulia, ila naomba na mwenye mali asikilizwe. Mimi nina tanuri Mwanza, na ninajua faida ya mkate mmoja ilivyo nyembamba. Ngano tunayotumia nchini sehemu kubwa inatoka nje, bei inapanda na kushuka na meli, na mkate siwezi kuupandisha bei kila wiki. Mtu akichoma trei 3 kwa sababu alikuwa anaangalia mpira kwenye simu, nani alipe?

Niliwahi kuwasikiliza wataalamu wa motisha. Niliwasifu watu wangu hadharani, nikawapa posho ya chai. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ndivyo ilivyokuwa: baada ya mwezi mmoja mkandaji niliyemsifu kuliko wote alianza kuchelewa, na nilipomkumbusha akaniuliza kama nimesahau maneno yangu mwenyewe.

Kilichonisaidia mimi ni fedha iliyofungwa kwenye matokeo ya zamu nzima. Marejesho ya wiki yakiwa chini ya kiwango tulichokubaliana, zamu yote inapata nyongeza, sawa kwa sawa, Jumamosi ileile, mkononi. Yakizidi, hakuna anayekatwa, ila nyongeza haipo. Walianza kusimamiana wenyewe. Upungufu wake nausema pia: kuna kijana mmoja walimwandama kwa sababu alikuwa mpole na mikono yake mizito, na nilichelewa kuliona hilo. Msimamizi asipokuwa macho, zamu inaweza kugeuka polisi wa mtu mmoja.

---

Jikoni_Unguja alijibu:

Kaka, pole na hongera kwa pamoja. Mimi nilipewa usimamizi wa sehemu ya mikate na keki katika jiko la hoteli moja hapa Unguja nikiwa mdogo kuliko karibu wote niliowasimamia, kwa hiyo nitazungumzia vitu viwili tu, mzee wako na kikao chako. (Sheria sigusi, huku Zanzibar tuna yetu, ya mwaka 2005.)

Kwanza mzee. Unamwelekeza wapi? Ikiwa ni mbele ya tanuri, vijana wakisikia, basi "sawa, mkuu" ndiyo jibu la heshima kubwa kuliko yote aliyobakiwa nayo. Mimi nilikuwa na mzee wa namna hiyo, na nilijifunza kwenda kwake kabla zamu haijaanza, nikamwamkia kama ninavyomwamkia baba yangu, halafu nikamweleza tatizo bila ya kuweka suluhisho juu yake: "Mzee, mikate ya safu ya nyuma inaungua chini na ya mbele inabaki nyeupe, wewe unaonaje?" Alininyamazia siku mbili. Siku ya tatu alinionyesha kwamba ufito wa mlango wa tanuri umelegea na joto linatoka, jambo ambalo alikuwa akilijua tangu zamani. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba hakuna aliyemwuliza, walikuwa wakimwambia tu.

Pili kikao. Dakika 40 mwisho wa zamu, watu wamesimama tangu saa 2? Hata mimi ningeisikiliza feni. Fanya dakika 5 mwanzoni, mkiwa mmesimama, kabla hamira haijatiwa maji. Sema jambo moja la jana lililokwenda vizuri na jambo moja la kuangalia leo, kisha nyamaza. Wiki ya kwanza hawatasema kitu. Usiwalazimishe.

Na kwa ndugu yetu wa Kanda ya Ziwa: kwa mtazamo wangu mgema yule alisifiwa yeye, hakusifiwa tembo lake. Ukimwambia mtu "wewe ni hodari", umempa cheo, na cheo hutaka kupumzika. Ukimwambia "madonge yako ya jana yalilingana, sikupata hata moja la kurudisha mezani", umemwambia ulichokiona, na leo atataka uone tena. Picha ya ukutani inaharibu kwa sababu hiyo hiyo. Inamtoa mtu miongoni mwa wenzake bila ya kusema amefanya nini.

---

Zamu_ya_Usiku aliandika, wiki 4 baadaye:

Nawashukuru wote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilianza na kiroba kama alivyoagiza mzee Fundi. Sikuuliza nani. Katika dakika 5 za mwanzo wa zamu niliwasimulia kwamba miaka 4 iliyopita, nikiwa mkandaji, niliwahi kusahau chumvi katika mkando mzima, unga ukaumuka kwa fujo, na nikanyamaza hadi mikate ikatoka haina ladha. Walicheka. Usiku wa tatu kijana mmoja wa kukanda alinifuata stoo. Umeme ulikuwa umekatika kwa zaidi ya saa moja na nusu wakati unga wake uko kwenye mashine, joto la Februari likaufanya uumuke kupita kiasi, na kwa kuwa mwezi uliotangulia alikuwa amekatwa, aliona heri autupe. Jambo linalouma ni kwamba angeniambia tungeuokoa: unga wa namna ile hukandwa tena, ukachanganywa kidogo kidogo na mikando mipya, na mkate unatoka mzuri tu.

Nilikwenda kwa tajiri na mambo mawili kwenye karatasi moja, gharama ya kiroba kile na kifungu alichokitaja Afisa. Hakufurahi. Alisoma kile kifungu mara tatu, akampigia mtu simu, kisha akakubali kusimamisha makato kwa miezi 2 kama majaribio. Kuhusu saa za ziada na nyongeza ya usiku alisema "tutaangalia", na nimeandika tarehe aliyosema hivyo. Wazo la nyongeza ya zamu nzima limempendeza, ila mimi ndiye niliyemwomba tusubiri, kwa sababu sitaki fedha mpya itangulie deni la zamani.

Ubao tumeutundika kando ya sinki. Wiki iliyotangulia ubao daftari lilikuwa na hasara 4. Wiki ya kwanza ya ubao ziliandikwa 19. Bila ya tahadhari niliyopewa hapa, tajiri angeniita siku ileile. Na kati ya hizo 19, saba zilitoka meza ya kupimia madonge, zote zikisema uzito hauaminiki. Nilichukua jiwe la kilo moja kutoka duka la jirani nikaliweka juu ya mizani yetu. Ilisoma kilo moja na gramu 50. Nilipowauliza wale watatu tangu lini, mmoja, dada aliyewahi kubandikwa ukutani, alisema ni tangu kabla ya Krismasi, na kwamba yeye huongeza kipande cha unga kwa kukadiria na kiganja. Wenzake wawili hawakuwa wakiongeza. Ndiyo sababu mikate ya tanuri moja ilikuwa haifanani, na mimi nilikuwa nikiwahubiria umakini.

Mzee wa tanuri nilimfuata kabla ya zamu, nikamwuliza anaonaje. Amenijibu kwamba atafikiri. Ni siku ya 9 leo.

---

Fundi_Mstaafu alijibu:

Mwache afikiri. Swali langu ni moja: mizani hiyo bado iko mezani? Ya kibiashara inapaswa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na ikikutwa haijahakikiwa atakayewajibika ni tajiri, hata kama vijana watakuwa wamesema.

---

Zamu_ya_Usiku alijibu:

Imeondolewa, inapelekwa Jumatatu. Kwa sasa tumeazima nyingine, na kila usiku kabla ya donge la kwanza dada yule analiweka lile jiwe juu yake na kuandika ubaoni inasoma ngapi. Jana alipokuwa akiandika, mzee alitoka tanurini, akasimama nyuma yake, akasoma, akarudi. Baadaye niliona ameandika chini yake, kwa mwandiko wake wa zamani: "Mlango wa pili, bawaba."

Nimekwenda kuuangalia. Ni kweli.